Sikio la Villasorda

Villasorda, 3 Machi 1998

Kaka yangu Mwadini,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, na theluji imeanza kuyeyuka mapaani, siku mbili hizi nimepata kuanika nguo nje. Natumai barua itakukuta kifua kimepoa, wifi hajambo, na mwanao Najla bado anakwenda chuo cha Kurani Jumamosi hata kama ananuna njia nzima. Akikujibu kwa Kiingereza usimkemee. Niandikie tu alichosema, nami nicheke.

Bi. Lila anakusalimu. Miguu ingali inamsumbua. Kila asubuhi ananiuliza kama London kuna jua. Nikimwambia hakuna, hufurahi akanywa chai yake. Nilipokubali kumfuata huku miaka mitatu iliyopita, nilidhani nakuja kumuuguza bibi wa Kiingereza mlimani, basi. Sikujua kuwa nitaingizwa katika siasa za Hispania.

Kaka, nina jambo. Kijiji hiki kina watu arobaini na mmoja, mimi nikiwemo, lakini kina meya wake na halmashauri yake. Sasa mkoa umeleta barua: kijiji kisicho na bendera, nembo wala historia iliyothibitishwa kitaunganishwa na Campanal, mji ulioko bondeni. Watu wa hapa na wa Campanal hawasemezani kwa sababu ya ugomvi wa malisho ambao hakuna aliye hai aliyeushuhudia. Meya wetu, Bwana Fermín, ambaye ni mfuga kondoo, aliisoma ile barua mbele ya watu kisha akakaa chini kama aliyefiwa.

Villasorda maana yake Mji Kiziwi. Wanasema zamani alikuja mpiga mbiu wa mfalme kutangaza amri, na kijiji kizima kikajitia hakisikii. Alitangaza siku tatu, akaondoka sauti imemkauka. Amri yenyewe ilikuwa ya nini, hakuna ajuaye. Wako wanaosema ya vita, wako wanaosema ya kuoga. Basi halmashauri imepitisha kwamba nembo ya kijiji iwe sikio.

Nilimwambia Bwana Fermín kuwa kaka yangu anashona bendera London. Yeye alielewa kwamba unamshonea Malkia. Sikumsahihisha. Tafadhali, kaka, tuchoree sikio la heshima.

Mdogo wako,
Mwatima


Woolwich, 29 Machi 1998

Mwatima mdogo wangu,

Wa alaykum salaam. Kifua kimepoa. Wifi yako amebadilishiwa zamu hospitali, sasa tunaonana mlangoni tu. Najla nimemsomea barua yako, akasema "That's actually cool," na hilo ndilo neno refu alilosema wiki hii.

Mwambie meya wako kwamba Malkia simjui. Karakana yetu inashona beji za shule na bendera za vilabu vya mpira. Bendera ya taifa tumeshona mara moja, nayo ikarudishwa. Hata hivyo nimezungumza na Njoroge, mwenye karakana, akasema vipande vya kitambaa vilivyobaki havina kazi, tushone tu. Fundi wetu wa kutarizi ni Josée, mama wa Kikongo mwenye mikono ya dhahabu. Ila nilipomwonyesha mchoro wangu aliugeuza mara tatu, akaniuliza, "Hii ni sikio ya mutu ao ya mbuzi?"

Kwa hiyo nahitaji kujua mambo mawili: ni sikio la kulia au la kushoto, na ni la nani?

Sasa langu. Unamkumbuka Bwana Matar, yule mwenye duka la manukato karibu na Edgware Road? Mkewe alifariki mwaka juzi, Mungu amrehemu. Ni mtu mpole, anaswali, hana makelele. Ameniuliza habari zako kwa adabu, nami nikaona haya si maulizo ya bure. Wewe huko ni peke yako. Bi. Lila akipata nafuu, urudi London tulizungumze. Nijibu.

Msalimie Bi. Lila.

Kaka yako,
Mwadini


Villasorda, 2 Juni 1998

Kaka Mwadini,

Assalaam alaykum. Nisamehe kwa kuchelewa. Simu ya nyumbani imekatwa, kwa hiyo usijisumbue kupiga. Nafurahi kusikia kifua kimetulia. Wifi mwambie asisimame sana, na Najla nimemnunulia kikuku cha fedha, nitakituma akipatikana mtu.

Uliitaja nafuu ya Bi. Lila. Hana maumivu tena, alhamdulillahi.

Kuhusu sikio, vikao vimekaliwa vitatu. Cha kwanza walijadili ni la nani, wakaamua lichukuliwe la mtu aliye hai, mzaliwa wa hapa. Cha pili walipiga kura. Kila mtu alipigia sikio lake mwenyewe, isipokuwa padri, aliyesema hana haki kwa kuwa yeye ni mzaliwa wa Campanal. Ikawa balaa, maana hapo ndipo walipojua kwamba padri ni mzaliwa wa Campanal. Cha tatu waliamua kukuachia wewe uchague, kwa sababu mtu wa London hana upande.

Ndani ya bahasha hii mna picha kumi na mbili za masikio. Nyuma ya kila moja kuna jina. Bwana Fermín ameomba nisikwambie lipi ni lake, nami nimemwahidi sitasema. Ni lile lenye nywele.

Kulia au kushoto, hawajaafikiana. Fanya la kushoto, wengi wanalalia upande huo.

Hali ya hewa nzuri. Cheri zimeiva.

Mdogo wako,
Mwatima


Woolwich, 20 Julai 1998

Mwatima,

Salamu nyingi. Tuko wazima. Nimefurahi mno kuwa Bi. Lila amepona. Nimewaambia wote, na Ijumaa nimeomba dua ya shukrani kwa ajili yake.

Picha zenu zimefika. Bahasha ilikuwa imechanika pembeni, nami nikaifungulia ndani ya basi namba 53. Zikamwagika. Abiria walinisaidia kuokota sikio moja moja, kwa utulivu mkubwa, na mama mmoja aliyenipa la mwisho akaniambia pole. Mpaka leo sijui alidhani nimefikwa na nini.

Nimechagua lile la bibi muuza duka, Visitación. Lina mikunjo inayoshoneka. Josée amelitarizi kwa uzi wa waridi juu ya kijani, akaweka na sufu kidogo tunduni, kwa vile ulisema walijitia hawasikii. Najla ndiye aliyelikunja na kulitia kwenye kifurushi. Litawafikia mapema Agosti.

Barua yako haikugusa habari ya Bwana Matar. Labda ukurasa mmoja ulipotea. Nakuuliza tena: utarudi lini? Mtu mzima hawekwi mlangoni miezi.

Kaka yako,
Mwadini


Villasorda, 15 Septemba 1998

Kaka yangu,

Assalaam alaykum. Natumai nyote wazima huko. Hapa tumeshavuna lozi, mikono yangu yote imechubuka.

Bendera ilifika salama. Mshukuru sana Josée, mshukuru na Njoroge. Kazi yenyewe ni nzuri mno, hakuna mshono uliokwenda upande. Tuliitandaza uwanjani mchana, kijiji kizima kimevaa vizuri. Watu wakaizunguka. Kisha Bibi Visitación, mwenye sikio lake, akauliza kwa upole kwa nini tumewekewa kamba.

Si kamba ya kufungia, kaka. Kamba wa baharini. Na kweli, ukisimama mbali kidogo, ile mikunjo ya waridi na ile sufu iliyochomoza mithili ya ndevu, ni kamba mkubwa aliyejikunja. Hapa na pwani ni safari ya siku nzima. Bwana Fermín alisema watu watazoea. Lakini habari zilifika Campanal kabla ya jua kutua, na asubuhi yake tukakuta sanduku la ndimu za kukamulia kamba mlangoni pa ofisi ya meya. Halikuwa na barua.

Mkaguzi wa mkoa naye akaja. Akaeleza kwamba katika elimu ya nembo, kulia kwa ngao ni kulia kwa yule aliyeishika, si kwa anayeitazama, kwa hiyo hilo letu halijulikani kama ni sikio la kushoto linalotazama kulia au la kulia lililogeuzwa. Watu wamegawanyika. Mafundi wawili wa paa hawasalimiani tena. Halafu mkaguzi akasema masikio yote hayo si kitu kama hakuna hati. Ametupa hadi mwisho wa Januari tulete ushahidi wa maandishi kwamba mpiga mbiu alikuja. Hatuna hata karatasi moja. Kumbukumbu za kanisa ziliungua zamani katika vita vyao.

Bwana Fermín hali vizuri siku hizi. Anakwenda malishoni, chakula chake anarudi nacho.

Wasalimie wote.

Mwatima


Woolwich, 4 Novemba 1998

Mwatima,

Sie wazima.

Jana mpwa wake Bi. Lila alipiga simu karakana. Alipata namba yangu katika daftari la marehemu. Alitaka kukushukuru kwa jinsi ulivyomwosha na kumvisha shangazi yake, na jinsi ulivyosimama kaburini peke yako na wanakijiji, mwezi wa Mei. Mwezi wa Mei, Mwatima. Mimi Julai niko msikitini natoa shukrani kwa kupona kwake.

"Hana maumivu tena." Nimeisoma barua yako upya. Hukusema uongo hata neno moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Basi nami niseme langu. Bwana Matar nimekwishampa neno tangu Julai. Nilimwambia dada yangu ameridhika ila anamaliza kazi. Amepaka nyumba rangi. Kila Jumapili nakaa naye mkahawani, tunakunywa kahawa, ananiuliza lini, nami nazungumza habari za mvua.

Nimekuuliza mara mbili na hukujibu hata kwa neno la hapana. Naona kama naandikia ukuta. Una nini huko, mwanangu? Bi. Lila hayupo, kazi imekwisha, ndugu huna, msikiti huna. Unaishi na wazee arobaini wanaogombania sikio.

Mwadini


Villasorda, 7 Februari 1999

Kaka yangu mpenzi,

Assalaam alaykum, na nisamehe. Nimeianza barua hii mara nyingi. Natumai kifua hakijarudi na baridi hii, wifi mzima, na Najla anaendelea na masomo.

Nilikusikia, kaka. Mara zote nilikusikia. Bwana Matar simtaki, na si kwa ubaya wake. Nilijua nikikwambia Bi. Lila amefariki utanitumia tiketi, na nikipata tiketi yako nitakuja, kwa sababu sijawahi kukukatalia. Basi nikanyamaza. Mpwa wake ameniruhusu nikae nyumbani hapa. Asubuhi nachoma mikate katika tanuri la kijiji, kwa kuwa mchomaji wao alikufa na hakuna mwengine aliyeweza kuamka mapema. London niliulizwa kila wiki, miaka ishirini, nitarudi lini kwetu. Hapa hawajaniuliza. Sijui kama ni adabu au hawajali, lakini nimepumzika.

Sasa sikiliza yaliyotokea, maana hata mimi bado siyaamini.

Mwezi wa Januari, siku zimebaki tisa, Bwana Fermín aliamua bendera ipandishwe hata kama ni ya kamba, tuzame nayo ikipepea. Wakatoboa ukuta wa ofisi kuweka mlingoti. Ukuta ni wa zamani, umejazwa mawe na udongo, na ukaporomoka kipande cha ukubwa wa mlango. Katikati ya kifusi kikaanguka kitabu kidogo, kimefungwa kwa kitani na majani ya mwanzi. Padri alikifungua akasema hakisomeki, ni mikwaruzo. Akampa mwalimu mstaafu, naye akasema hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nimeleta mikate. Nikachungulia.

Kaka, zilikuwa herufi zetu. Alifu, be, te, na irabu zake zote, fat-ha, kasra, dhuma, kama tulivyofundishwa chuoni.

Nikaanza kusoma kwa sauti. Haikuwa Kiarabu. Nilisoma kama tulivyosoma juzuu utotoni, unatamka sawasawa na huelewi kitu. Kila be ilikuwa na shada, nikaikazia. "Ba-ra-gu-na-ru," nikasoma. Bwana Fermín akainuka. "Pregonero," akasema. Ndilo neno lao la mpiga mbiu; herufi zetu hazina p, e wala o.

Basi wakaniketisha. Mimi nasoma nisichokielewa, wao wanaelewa wasichoweza kukisoma. Ni Kihispania cha kale kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ndivyo walivyoandika Waislamu wa huku baada ya kulazimishwa kubatizwa. Tulikaa hapo mchana kutwa, na mikate ikakauka.

Kurasa kumi na tisa za mwanzo ni malalamiko juu ya mbuzi wa jirani anayekula majani ya mforosadi. Mwandishi alikuwa na hasira sana na yule mbuzi. Bibi Visitación aliacha kusikiliza akaanza kufuma. Ukurasa wa ishirini ndio mpiga mbiu anafika, mwaka 1610. Amri ya mfalme ilikuwa kwamba watu wote wa asili ya Kiislamu wahame nchi ndani ya siku tatu. Nusu ya kijiji walikuwa hao. Na ile nusu nyengine, Wakristo wa asili, wakatia sufu masikioni. Mpiga mbiu akasoma uwanjani, wakamwambia, "Sema kwa sauti, bwana." Akasoma kisimani. Akasoma mlangoni pa kanisa. Mwenye mbuzi, yule yule mwenye mbuzi, alimwomba arudie mara nne. Akaondoka ameandika kwamba kijiji hiki ni viziwi na amri haikuweza kutolewa.

Askari walikuja baada ya mavuno, na askari hawasomi, wanasukuma. Wale waliofukuzwa waliongezewa msimu mmoja tu. Mwandishi, aliyerudi usiku kwa siri kukificha kitabu, anasema jirani mwenye mbuzi alibeba mizigo yao mpaka njia panda, na mbuzi akafuata.

Nilipomaliza nikainua macho. Bwana Fermín alikuwa amevua kofia. Mwishowe mwalimu akauliza kama kitabu kinasema ni sikio gani. Nikatafuta mstari: masikio yote mawili. Wale mafundi wa paa wakatazamana, na mmoja akampa mwenzake sigara.

Mkaguzi amekuja na profesa mmoja mwanamke. Profesa alikishika kile kitabu kwa kitambaa, akakifunua ukurasa kwa ukurasa. Villasorda itabaki Villasorda. Bendera mpya itapandishwa tarehe 15 Mei, nami nimeombwa nisome ukurasa wa ishirini uwanjani. Tunahitaji masikio mawili, kaka. Josée asitie ndevu.

Usinikasirikie. Au nikasirikie, lakini njoo.

Mdogo wako,
Mwatima


Woolwich, 28 Februari 1999

Mwatima mdogo wangu,

Wa alaykum salaam. Sote wazima. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya tatu Najla alinisomea yeye, kwa Kiswahili, polepole, akikosea. Sikumrekebisha.

Kwa Bwana Matar nilikwenda Jumapili. Niliagiza kahawa, nikazungumza habari za mvua, kisha nikamwambia ukweli: dada yangu hakuwahi kukubali, mimi ndiye niliyesema. Akakiweka chini kikombe chake. Akaniambia, "Bwana Mwadini, mimi niliuliza habari zake kwa adabu tu. Wewe ndiye uliyeniambia ameridhika, nikaona haya kukataa." Nyumba aliipaka rangi kwa hofu. Tukakaa pale wanaume wazima wawili, tumeinamia vikombe, mpaka mhudumu akaja kuuliza kama kuna msiba.

Masikio mawili Josée ameanza. Njoroge anataka moja la ziada ukutani kwake. Tiketi tumekata tatu, tutafika tarehe 13 Mei.

Imebaki habari moja ambayo hukuwahi kuisikia. Mama alituusia mimi na Baba tusikwambie, ukue bila kujiona kama mtu aliyefichwa. Sasa wote wawili wametangulia, nami sioni tena sababu ya kuifunga.

Januari ile ya 1964, Vikokotoni, mimi nina miaka kumi na wewe mwaka na nusu, Baba alikuwa ameshaondoka na wanamapinduzi walikuwa wakimtafuta nyumba kwa nyumba. Fundi Anselmi, mshoni wa kutoka bara aliyekuwa jirani yetu, alitutia dukani mwake. Mama na mimi nyuma ya pazia. Wewe alikulaza ndani ya kasha la vitambaa, akaacha kifuniko wazi kidogo, akakaa juu ya ukingo wake na kuendelea kushona kanzu ya mteja.

Waliingia watatu. Wakauliza, Fundi akasema hajatuona. Ndipo ulipolia.

"Nini hicho?" akauliza mkubwa wao.

"Mashine," akasema Fundi Anselmi. "Inataka mafuta."

Yule mdogo wao, hakuzidi miaka ishirini, akaegemeza panga lake mlangoni. Akachukua chupa ya mafuta rafuni, akaja akaitia mashine. Fundi akapiga pedeli. Ukalia tena, kwa nguvu zaidi. Yule kijana hakuinua macho. "Bado kavu," akasema, akatia tena. Ukalia, akatia. Mafuta yakawa yanamwagika juu ya meza, yanachuruzika kwenye kanzu nyeupe ya watu, naye anatia tu, mpaka chupa ikaisha. Kisha akawageukia wenzake akawaambia hapa hamna kitu, ni mashine mbovu. Wakatoka.

Mimi niliona uso wake kupitia pazia. Hata leo nikikutana naye njiani nitamjua.

Kanzu ile haikufaa tena kwa mteja. Fundi Anselmi alimpa Mama, na ndiyo aliyokufungia mgongoni siku tuliyopanda meli, mafuta yananuka mpaka Mombasa.

Kaka yako,
Mwadini